Gazeti la mtu mmoja: Mzigo wa data ulio nyuma ya mitandao ya kijamii

Na MWANDISHI WETU

GAZETI likishatoka mtamboni halibadiliki tena. Nakala inayosomwa Kisumu asubuhi ndiyo inayosomwa Malindi adhuhuri, na atakayetaka kujua baada ya miaka ishirini kilichoandikwa siku hiyo ataingia maktabani, aiombe nakala hiyo na kuifunua.

Mitandao ya kijamii haina nakala ya aina hiyo. Ndugu wawili walioketi pamoja wakifungua Facebook kwa wakati mmoja, kila mmoja huona ukurasa wake. Hata mmoja wao akifunga simu, akaifungua tena baada ya dakika kumi, atakuta ukurasa mwingine.

Ukurasa huo, yaani ile orodha ya jumbe, picha na video inayoteremka bila kikomo kadiri kidole kinavyoisukuma, huitwa mlisho. Wapo wanaouita mipasho, ingawa kwa mashabiki wa taarabu neno hilo lina maana yake ya zamani, ambayo pengine haiko mbali sana na baadhi ya yanayosomwa humo.

Watu wengi hudhani kwamba mlisho wao umehifadhiwa mahali fulani, mithili ya faili iliyo kabatini, na kwamba simu huenda tu kuuchukua. Sivyo ilivyo. Kwa sehemu kubwa ukurasa huo haupo popote hadi mwenyewe anapoufungua. Huunganishwa papo hapo kutokana na vipande vilivyotawanywa katika maelfu ya kompyuta, husomwa, kisha hutawanyika tena.

Namna kazi hiyo inavyofanywa kwa mamilioni ya watu kwa wakati mmoja ni mojawapo ya mitihani migumu ya usimamizi wa data. Na si mtihani wa wahandisi pekee. Kutokana na jinsi walivyoujibu, imekuwa shida kwa mtumiaji kujua kwa nini ameonyeshwa jambo fulani, kufuta alichoandika kikafutika kweli, au kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba uchochezi fulani ulisukumwa machoni pa watu. Shida hiyo ya mwisho tayari imefika katika Mahakama Kuu jijini Nairobi.

ILIKOANZIA

Facebook ilianzisha mlisho wake mnamo Septemba 5, 2006. Kabla ya siku hiyo, aliyetaka kujua habari za rafiki alilazimika kuutembelea ukurasa wa rafiki huyo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepiga hodi nyumba hadi nyumba.

Watumiaji walighadhabika. Waliona kwamba mambo yao madogo madogo yalikuwa yakitangazwa kwa kila mtu, na mamia ya maelfu yao wakajiunga na kundi la kupinga mabadiliko hayo, ndani ya Facebook yenyewe. Mwasisi wa kampuni hiyo, Bw Mark Zuckerberg, aliwasihi watulie, na siku chache baadaye akaomba radhi na kuwaongezea njia za kudhibiti kinachoonekana. Lakini mlisho wenyewe hakuuondoa. Mwaka huo huo Twitter, ambayo tangu 2023 inaitwa X, ilifunguliwa kwa umma ikiwa na wazo lilo hilo.

Kwa watu mia moja, kazi ya kutengeneza mlisho ni nyepesi. Kompyuta moja inatosha: itatafuta marafiki wa mtu, itachukua walichoandika, itapanga kwa saa na kumwonyesha. Facebook ilipotangaza mnamo Oktoba 2012 kwamba imefikisha watumiaji bilioni moja, hesabu hiyo ilikuwa imegeuka jambo jingine kabisa.

Benki ikipata wateja wengi huweza kuwagawa. Wa Eldoret wawekwe kwenye kompyuta hii, wa Mombasa kwenye ile, na ni nadra mmoja kumhitaji mwenzake. Urafiki haugawanyiki hivyo. Mtu anayeishi Nakuru ana dada Doha, mjomba Minneapolis, mwanafunzi mwenzake Kampala na mchezaji wa kandanda anayemfuata jijini London. Haijalishi data zitagawanywa vipi, marafiki wa mtu mmoja watajikuta wametawanyika katika mashine nyingi, na kila anapofungua simu mashine hizo zote lazima ziulizwe.

Isitoshe, kuuliza kwenyewe si kwa swali moja. Nani ameandika? Je, huyu anaruhusiwa kukiona? Wangapi wamekipenda? Nani amejibu, na kati ya waliojibu, yupo aliyemzuia huyu msomaji? Katika makala ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka wa 2013, wahandisi wa Facebook walieleza kwamba kufungua ukurasa mmoja tu kati ya zile zilizopendwa zaidi kulihitaji kuletwa vipande tofauti 521 vya data kwa wastani. Hayo yote yalipaswa kukamilika kabla mtu hajachoka kungoja.

KUPIKA MAPEMA AU MTEJA AKIFIKA

Mwenye hoteli ana njia mbili za kuwahudumia wateja. Anaweza kupika chapati alfajiri na kuzipanga, mteja akifika asingoje. Au anaweza kusubiri aagizwe ndipo awashe jiko. Njia ya kwanza huharakisha huduma lakini hupoteza chapati zisizoliwa. Ya pili haipotezi kitu, ila foleni huwa ndefu.

Twitter ilichagua kupika mapema. Takwimu ambazo wahandisi wake walizitoa mwaka wa 2012 zinaonyesha sababu. Kwa wastani, watu walikuwa wakiandika jumbe 4,600 kila sekunde. Waliofungua milisho yao kuisoma walikuwa 300,000 kila sekunde. Panapokuwa na wasomaji wengi kuliko waandishi kiasi hicho, ni heri kazi ifanywe wakati wa kuandika.

Kwa hivyo mtu alipotuma ujumbe, mitambo ya Twitter ilimtafuta kila mfuasi wake na kuuingiza ujumbe huo kwenye orodha ya mfuasi huyo. Kila mtumiaji aliwekewa orodha ya jumbe 800 za karibuni, na kila orodha ikawekwa katika nakala tatu ili kompyuta moja ikizimika nyingine ishike zamu. Ambaye hakuwa ameingia Twitter kwa siku 30 hakuwekewa orodha. Chapati zake hazikupikwa hadi arudi.

Ni muhimu kufahamu kwamba kilichonakiliwa si maneno ya ujumbe, bali nambari yake. Maneno yenyewe yalikaa mahali pamoja, na orodha zilielekeza huko. Hila hii huokoa nafasi nyingi mno, na ina faida nyingine: mwandishi akifuta ujumbe wake, hakuna haja ya kuzipitia orodha milioni moja kuutoa. Nambari hubaki ikielekeza penye utupu, na mtambo huiruka.

Kwa wastani ujumbe mmoja ulikuwa ukifikishwa kwa wafuasi 75. Zidisha 4,600 kwa 75, unapata maandishi 345,000 kwa sekunde. Mzigo huo ulibebeka. Matata yalitoka kwa wale ambao wastani hauwahusu.

Mwanamuziki Lady Gaga alikuwa na wafuasi takriban milioni 31 wakati huo. Neno lake moja lilimaanisha kuandika katika orodha milioni 31, na Twitter ilikuwa imejiwekea lengo la kuufikisha ujumbe kwa wafuasi ndani ya sekunde tano. Lengo hilo halikufikiwa kila mara kwa watu wa aina yake. Mfuasi aliyekuwa mwanzoni mwa foleni aliupata ujumbe, akaujibu, na jibu lake likasafiri kwa kasi kwa sababu yeye alikuwa na wafuasi wachache. Matokeo yake ni kwamba kuna watu walioliona jibu kabla ya kuliona neno lililojibiwa.

Jambo hilo laweza kuonekana dogo, hata la kuchekesha. Hata hivyo, lifikirie siku ya kutangazwa matokeo ya uchaguzi, ambapo kukanusha uvumi kunaweza kufika kabla ya uvumi wenyewe, au uvumi ukafika na kanusho likakwama njiani.

Suluhisho lililopatikana ni la mseto. Watu wa kawaida, jumbe zao hupelekwa mapema. Wenye wafuasi mamilioni, jumbe zao hazipelekwi, bali huachwa mahali pake na kuongezwa kwenye mlisho wakati msomaji anapoufungua. Chapati za kawaida ziko tayari. Kwa ajili ya mheshimiwa jiko huwashwa papo hapo.

Facebook kwa upande wake ilifuata zaidi njia ya pili, ya kukusanya wakati msomaji anapofika. Sababu mojawapo ni kwamba ukurasa wake haukupangwa kwa saa pekee. Kampuni hiyo ilieleza mnamo Agosti 2013 kwamba kila mtu anapoingia, huwa kuna habari zipatazo 1,500 kwa wastani ambazo angeweza kuonyeshwa, na mitambo huchagua kama 300 za kutanguliza. Orodha iliyopikwa mapema isingefaa sana, kwani thamani ya kila habari hubadilika kila rafiki mwingine anapoigusa.

AKIBA INAPOGEUKA ADUI

Njia zote mbili zinategemea kitu kimoja: akiba. Data zinazosomwa mara kwa mara hunakiliwa kutoka hifadhidata, ambazo hutunza kila kitu lakini ni nzito, na kuwekwa katika kumbukumbu nyepesi ya kompyuta inayojibu upesi. Mtambo wa Facebook uitwao TAO, ulioelezwa katika makala ya mwaka wa 2013, ulikuwa ukijibu maswali bilioni moja kila sekunde huku maandishi mapya yakiwa mamilioni. Bila akiba, hakuna hifadhidata ambayo ingestahimili.

Lakini akiba ni nakala, na kila penye nakala pana hatari ya nakala hiyo kupitwa na wakati. Mtu amebadilisha picha yake. Nakala ngapi za picha ya zamani bado zimesalia, na wapi? Amemwondoa fulani kwenye orodha ya marafiki. Je, habari hiyo imezifikia mashine zote kabla fulani hajafungua simu?

Kisa cha Septemba 23, 2010 kinafaa kusimuliwa kwa ukamilifu, maana kinaonyesha jinsi mitambo hii inavyoweza kujiangusha yenyewe. Siku hiyo Facebook haikufikika kwa wengi kwa muda wa takriban saa mbili na nusu, na kampuni yenyewe ilisema lilikuwa tatizo baya zaidi kwake katika zaidi ya miaka minne.

Kulikuwa na programu iliyopewa kazi ya kukagua akiba. Ikikuta thamani yenye kasoro, ilipaswa kuifuta na kuchukua nyingine kutoka hifadhidata. Utaratibu huo ni mzuri pale kasoro iko kwenye akiba pekee. Siku hiyo thamani iliyobadilishwa ndani ya hifadhidata ndiyo iliyoonekana kuwa na kasoro. Kila kompyuta ikaiona, ikaenda hifadhidata kutafuta nyingine, ikapewa iyo hiyo, ikarudi tena. Maswali yakafikia mamia ya maelfu kwa sekunde, na hifadhidata zikalemewa.

Balaa halikuishia hapo. Hifadhidata iliposhindwa kujibu, programu ililitafsiri kosa hilo kuwa ni thamani mbovu nyingine, ikafuta na ile iliyobaki kwenye akiba. Kwa hivyo hata baada ya wahandisi kuirekebisha thamani ya kwanza, mafuriko ya maswali hayakukoma. Hifadhidata hazikupata nafasi ya kupumua kwa sababu zilikuwa zikiulizwa, na zilikuwa zikiulizwa kwa sababu hazikujibu. Ilibidi wahandisi wazuie watu wote wasiingie, mitambo itulie, ndipo wakaruhusiwa kurudi kidogo kidogo.

Ile makala ya wahandisi ya 2013 inaeleza kinga moja iliyobuniwa dhidi ya msongamano wa namna hii. Kitu kikikosekana kwenye akiba huku maelfu wakikitaka, kompyuta moja tu hupewa ruhusa ya kwenda hifadhidata kukileta; nyingine huambiwa zingoje kidogo. Katika kundi moja la data lililopimwa, maswali yaliyoifikia hifadhidata wakati wa kilele yalishuka kutoka 17,000 kwa sekunde hadi 1,300. Mama yeyote aliyewahi kuwatuma watoto watano dukani kununua kibiriti kimoja angeweza kuwashauri mapema.

Umbali nao huongeza ugumu. Mtu anayeandika maoni yake Nairobi anaweza kusomewa data kutoka kituo kimoja, ilhali maandishi yake yanakwenda kuhifadhiwa katika kituo kikuu kilicho bara jingine. Nakala ya karibu huchelewa kupata habari. Ndipo mtu huandika maoni, akayatafuta asiyaone, akayaandika tena, na hatimaye yakatokea mara mbili. Ili kuepuka hilo, mtambo huacha alama kwamba mtu huyu ametoka kuandika, na kwa muda mfupi yeye peke yake husomewa kutoka kule mbali badala ya karibu.

MASHINE INAYOKISIA

Hadi hapa tumezungumzia kukusanya. Kuchagua ndiko kunakotafuna nguvu nyingi zaidi, na ndiko kulikobadilika sana katika miaka ya hivi karibuni.

Mnamo Machi 31, 2023 Twitter ilichapisha sehemu ya programu zake za kupanga mlisho, jambo ambalo kampuni kubwa hufanya kwa nadra. Kwa mujibu wa maelezo iliyotoa siku hiyo, kutoka jumbe takriban milioni 500 zilizokuwa zikiandikwa kwa siku, mtambo ulimchagulia kila msomaji jumbe 1,500 hivi za kufikiriwa. Kwa wastani nusu yake zilitoka kwa watu anaowafuata na nusu kwa watu asiowajua kabisa. Kisha algoriti, yaani utaratibu wa hesabu unaofuatwa na kompyuta, ulizipa alama moja moja, ukikisia uwezekano wa msomaji huyo kuipenda, kuijibu au kuisambaza.

Kazi hiyo ilifanywa mara bilioni tano hivi kwa siku. Kila mara ilichukua chini ya sekunde moja na nusu kwa wastani, lakini nguvu ya kompyuta iliyotumika ililingana na mashine moja kufanya kazi kwa sekunde 220. Kwa maneno mengine, kila unapofungua ukurasa, kazi ya karibu dakika nne hugawiwa mashine nyingi ili wewe usihisi chochote.

Ili kukisia, lazima mashine ikujue. Hapa ndipo data za namna nyingine huingia, ambazo mtumiaji hakuziandika wala hakuzikusudia: video uliyoitazama hadi mwisho, uliyoipita, uliyosita kwayo kidogo kidole kikiwa hewani. Kila tendo ni mstari mmoja katika kumbukumbu, na mistari hiyo hulundikana kuliko jumbe zenyewe, kwani mtu anayeandika mara moja kwa wiki husoma mamia kwa siku.

Kampuni ya ByteDance, inayomiliki TikTok, ilichapisha makala ya kitaalamu mwaka wa 2022 kuhusu mtambo wake wa mapendekezo. Inaeleza jinsi matendo ya watumiaji yanavyoingizwa katika mafunzo ya mashine mfululizo, na mabadiliko kuwafikia wasomaji kwa vipindi vya dakika badala ya kungoja siku ya pili. Kila mtumiaji na kila video huwa na safu yake ya tarakimu ndani ya jedwali kubwa, na zile ambazo hazijaguswa kwa muda huondolewa ili kuokoa nafasi. Ndiyo maana kijana akitazama video tatu za mazishi ya mtu mashuhuri, jioni yake yote hugeuka matanga.

Tarakimu hizo si picha yako wala maneno yako. Ni makisio juu yako, na hakuna mwanadamu, hata ndani ya kampuni, awezaye kuzitazama na kusema moja moja zinamaanisha nini.

WINO ZIWANI

Kenya ilipata Sheria ya Kulinda Data mnamo Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data, Bi Immaculate Kassait, akaapishwa mnamo Novemba 2020. Sheria hiyo inampa mwananchi haki ya kujua data zake zinatumiwaje, kuzipata, kuzisahihisha na, katika hali zilizotajwa, kuomba zifutwe. Kifungu cha 35 kinagusa maamuzi yanayofanywa na mashine pekee, iwapo yanamwathiri mtu kisheria au kwa kiasi kikubwa. Iwapo kumpangia mtu anachokisoma ni uamuzi wa aina hiyo, ni suala ambalo mawakili wanaweza kulibishania kwa muda mrefu.

Haki hizo zinasomeka vyema katika karatasi. Katika mitambo tuliyoieleza, kila moja hukutana na nakala. Ujumbe wako uko kwenye hifadhidata, kwenye akiba za vituo kadhaa, kwenye nakala za dharura, na athari yake imo ndani ya zile tarakimu zilizofunzwa kwa matendo ya watu walioutazama. Kuufuta mahali pamoja ni rahisi. Kuifuata athari yake kote ulikopita ni shughuli nyingine.

Mnamo Aprili 2022 jarida la Motherboard lilichapisha waraka wa ndani wa Facebook, ulioandikwa mwaka uliotangulia na wahandisi waliohusika na faragha katika kitengo cha matangazo. Wahandisi hao walikiri kwamba hawakuwa na udhibiti wa kutosha wa jinsi mitambo yao inavyotumia data, kiasi cha kushindwa kuahidi kwa uhakika kwamba data fulani haitatumiwa kwa kazi fulani. Walitoa mfano wa mtu anayemimina chupa ya wino ndani ya ziwa, kisha akatakiwa kuurudisha wino wote chupani. Kampuni hiyo ilijibu kwamba waraka huo haukueleza taratibu zake zote za kulinda faragha.

Mfano huo ni mzuri kuliko maelezo mengi ya kisheria ambayo tumewahi kuyasoma. Na si nadharia tu. Mnamo Juni 2018 Facebook ilitangaza kwamba hitilafu ya programu mwezi Mei ilikuwa imebadilisha, kwa siku kadhaa, pendekezo la nani aone jumbe mpya za watu wapatao milioni 14. Waliozoea kuwaandikia marafiki pekee waliwekewa chaguo la umma mzima bila kuarifiwa. Kampuni ilirudisha mipaka ya awali kwa jumbe hizo, lakini waliokwisha kuzisoma walikuwa wamezisoma.

USHAHIDI UKO WAPI?

Kesi iliyo Nairobi iliwasilishwa mnamo Desemba 2022 na raia wawili wa Ethiopia pamoja na Katiba Institute, dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Mmoja wa walalamishi ni mwana wa Profesa Meareg Amare, mhadhiri wa kemia aliyepigwa risasi na kuuawa huko Bahir Dar mnamo Novemba 2021, wakati wa vita vya Tigray, baada ya jumbe za kumshambulia kusambazwa kwenye Facebook.

Walalamishi hawadai tu kwamba jumbe hizo ziliachwa bila kuondolewa. Wanadai kwamba algoriti ya Facebook ilizitanguliza jumbe za chuki na kuzieneza, kwa sababu jumbe za namna hiyo huwavutia watu kujibu. Wanataka mahakama iamuru utaratibu huo ubadilishwe na hazina ya kuwafidia waathiriwa iundwe. Meta ilipinga, ikisema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mnamo Aprili 3, 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba inaweza kuisikiliza kesi hiyo.

Tofauti kati ya madai hayo mawili ni kubwa. Kuthibitisha kwamba ujumbe uliandikwa kunahitaji picha ya skrini. Kuthibitisha kwamba ulisukumwa kunahitaji kujulikana ulionyeshwa kwa nani, mara ngapi, ukiwa wa ngapi kwenye orodha, ulipewa alama gani, na ni jumbe zipi nyingine ziliwekwa kando ili huu upite. Hakuna ukurasa wa Novemba 2021 uliofungiwa kabatini ambao hakimu anaweza kuufunua. Kilichopo, kama bado kipo, ni mistari ya kumbukumbu iliyo mikononi mwa kampuni yenyewe, katika hifadhi mbalimbali, kila moja ikiwa na muda wake wa kutunzwa. Mashine iliyotoa alama siku hiyo nayo ilikwisha kufunzwa upya mara nyingi tangu hapo.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo sheria zinapopaswa kuelekeza macho. Umoja wa Ulaya umeanza. Sheria yake ya Huduma za Kidijitali ya mwaka wa 2022, iliyoanza kuzibana kampuni kubwa mnamo Agosti 2023, inazitaka ziwape watumiaji angalau njia moja ya kupangiwa mlisho isiyotegemea tabia zao, na ziwafungulie data watafiti walioidhinishwa. Kampuni husema kutunza rekodi za kila mlisho ni mzigo usiobebeka, na ukizitazama zile hesabu za mara bilioni tano kwa siku utaona hoja yao ina uzito. Lakini si lazima kila ukurasa utunzwe. Mkaguzi wa hesabu hakagui kila stakabadhi. Huchagua chache, ila lazima awe na haki ya kuzichagua mwenyewe.

Kwa sasa mtumiaji wa Kenya anayetaka kujionea anaweza kuingia katika mipangilio ya akaunti yake na kuomba nakala ya data zake. Facebook, Instagram, TikTok na X zote zinatoa huduma hiyo. Faili ikifika, ambayo huweza kuchukua saa au siku kadhaa, atakuta humo aliyoyaandika, aliyoyapenda, aliyoyatafuta, makundi ya matangazo aliyowekwa, na kwa TikTok hata orodha ya video alizotazama. Alama ambazo mashine ilivipa vitu hivyo hazimo, wala zile habari mia kadhaa zilizofikiriwa kwa ajili yake asubuhi hiyo na kuachwa.